Justus von Liebig, Mtaalamu wa Mchuzi na Hamira

Ndugu msomaji, ukipata safari ya Dar es Salaam, usirudi kijijini bila kufika Kariakoo. Hapo ndipo mzigo wa nchi nzima unaposhushwa. Viazi vya Mbeya, vitunguu vya Singida, dagaa wa Kigoma, nazi za Mafia, vyote utavikuta.

Jina la mahali hapo lina historia yake. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo. Baadaye, mwaka 1975, lilifunguliwa hapo jengo kubwa la soko lililochorwa na Mtanzania, Beda Amuli, lenye paa mfano wa miavuli mikubwa ya zege.

Sasa toka nje ya jengo, pita Mtaa wa Kongo au Mtaa wa Swahili, uingie katika duka lo lote la vyakula. Karibu na chumvi na majani ya chai utaona vidonge vidogo vya mchuzi, vimefungwa kwa karatasi inayong'aa. Labda hata duka la kijijini kwako linaviuza. Mama lishe wa Kariakoo hukitia kidonge kimoja katika sufuria ya maharage, na mara jikoni kukanukia nyama. Lakini hakuna nyama ndani ya sufuria. Mara nyingi hakuna nyama hata ndani ya kidonge.

Je, harufu na ladha hiyo hutoka wapi? Sehemu kubwa ni chumvi. Lakini vidonge vingi pia vina kitu ambacho pengine hukukitazamia. Kina hamira ndani yake. Ndiyo, ni jamaa ya hamira ile ile ya maandazi, iliyopikwa na kukaushwa mpaka ikawa rojo zito la rangi ya udongo. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kuonyesha kwamba hamira yaweza kufanywa chakula cha namna hiyo alikuwa Mjerumani. Jina lake Justus von Liebig. Tuseme Libigi. Alikufa zamani, mwaka 1873, lakini maisha yake yanafaa kusomwa na mkulima, na mfugaji, na mama mwenye mtoto mchanga, kwa sababu aliyagusa mambo yao wote. Mengine aliyapata vizuri. Mengine alikosea, na makosa yake yalidhuru watu.

MTOTO WA DUKA LA RANGI

Liebig alizaliwa tarehe 12 Mei, 1803, katika mji wa Darmstadt, Ujerumani. Baba yake alikuwa na duka la rangi, dawa na vifaa vya kazi. Nyuma ya duka palikuwa na karakana ndogo. Humo baba alichanganya rangi na kupika vanishi, na mtoto alimsaidia. Hivyo Liebig alianza kujifunza kemia kabla hajajua kwamba kuna elimu yenye jina hilo. Kemia ni elimu ya kujua vitu vimefanyizwa kwa nini, na vikichanganywa hubadilika vipi. Mama anayetia magadi katika maharage ili yaive upesi anafanya kemia. Mpika pombe naye anafanya kemia.

Shuleni hakufanya vizuri. Masomo mengi yalikuwa ya lugha za kale, naye moyo wake ulikuwa karakana. Akaacha shule bila kumaliza. Baba yake akampeleka kwa muuza dawa mmoja awe mwanafunzi wa kazi, lakini hakukaa hata mwaka. Husimuliwa kwamba kijana huyo alikuwa akijaribu baruti chumbani kwake usiku, na siku moja ikalipuka ikaharibu paa. Wengine husema kisa hicho kimetiwa chumvi, na kwamba sababu ya kweli ilikuwa ada. Baba alishindwa kuilipa. Mtu ye yote aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada ataelewa kwa nini kisa cha baruti hupendeza zaidi.

Jambo moja la utoto wake tulitazame kwa makini. Mwaka 1815 mlima Tambora, huko Indonesia, ulilipuka. Moshi na vumbi vyake vilipanda juu sana angani, vikaenea duniani na kupunguza joto la jua. Mwaka uliofuata, 1816, nchi za Ulaya hazikupata kiangazi. Mvua ilinyesha bila kukoma, nafaka ikaoza mashambani, na bei ya mkate ikapanda sana. Watu wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Liebig alikuwa mtoto wa miaka 13. Njaa aliiona kwa macho yake. Tangu hapo mpaka kufa kwake kazi yake ilirudi mara nyingi kwenye swali lile lile, watu watapataje chakula cha kutosha?

MAABARA KATIKA NYUMBA YA WALINZI

Liebig alibahatika kupata mwalimu wa kemia aliyemchukua, akaenda naye chuoni. Baadaye mtawala wa jimbo lao alimpa fedha za kwenda Paris, Ufaransa, ambako walikuwako wataalamu wakubwa wa kemia wa wakati ule. Huko alifanya kazi katika maabara ya Gay-Lussac, mtaalamu mashuhuri. Mtaalamu mwingine, Alexander von Humboldt, alimwona, akampenda, akamwombea kazi kwao Ujerumani.

Hivyo mwaka 1824 Liebig akawa profesa katika mji mdogo wa Giessen. Umri wake ulikuwa miaka 21 tu.

Maabara aliyopewa ilikuwa nyumba ya walinzi katika kambi ya askari iliyoachwa. Lakini alifanya jambo ambalo walimu wengi wa wakati ule hawakulifanya. Wao walisimama mbele na kueleza, na wanafunzi wakasikiliza. Liebig aliwapa wanafunzi vyombo mikononi. Kila mmoja alipewa kazi yake ya kupima na kutafuta. Vijana walikuja kutoka nchi nyingi, wakarudi kwao na kufungua maabara za mfano huo. Mwaka 1831 alibuni chombo kidogo cha kioo chenye vitufe 5, cha kupimia kaboni iliyomo katika kitu cho chote kilichotoka kwa mmea au mnyama. Kipimo kilichokuwa kigumu na cha kuchosha sasa kiliweza kufanywa hata na mwanafunzi. Leo Chuo Kikuu cha Giessen kinaitwa kwa jina lake.

SHAMBA NI KAMA GHALA

Mwaka 1840 Liebig aliandika kitabu juu ya kemia na kilimo. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba mmea hula mboji, yaani majani na mizizi iliyooza, kama sisi tulavyo ugali. Liebig alieleza kwamba sivyo. Mmea hujipatia kaboni kutoka hewani. Kutoka ardhini hunyonya maji na madini, kama fosfati na potasi. Ukivuna mahindi na kuyapeleka sokoni, umeyatoa madini hayo shambani na kuyapeleka mjini. Usipoyarudisha, mwaka hata mwaka, shamba litakuwa kama ghala linalotolewa tu bila kutiwa.

Alieleza pia jambo ambalo mtaalamu mwingine, Carl Sprengel, alikuwa ameliandika kabla yake. Mavuno hufuata kile kilichopungua kuliko vyote. Fikiri mwashi mwenye matofali 5,000 na mfuko mmoja wa saruji. Ukimwongezea matofali, nyumba haitapanda. Kinachomzuia ni saruji. Hali kadhalika shamba likikosa fosfati, ukilirundikia potasi hutapata kitu.

Hapo Liebig alikuwa sawa. Lakini alipotengeneza mbolea yake mwenyewe na kuiuza Uingereza mwaka 1845, wakulima walioinunua walipata hasara. Aliogopa mvua itaisomba, kwa hiyo akaitengeneza iwe ngumu kuyeyuka. Ikawa ngumu mno. Ikakaa udongoni kama changarawe, na mizizi haikuweza kuinyonya. Tena hakutia naitrojeni, kwa sababu aliamini kwamba mimea hupata ya kutosha kutoka hewani na katika mvua. Wataalamu wa Kiingereza walipanda ngano katika mashamba ya majaribio, wakaonyesha kwamba naitrojeni ya hewani haitoshi. Liebig alibishana nao kwa miaka mingi. Alikuwa mtu mkali, mwepesi wa kuandika maneno makali dhidi ya wenzake.

NG'OMBE WA URUGUAY

Sasa tunafika jikoni.

Liebig alichunguza nyama. Aliitia nyama iliyokatwa vipande vidogo katika maji, akaipasha moto, akachuja, kisha akachemsha ule mchuzi mpaka ukabaki rojo zito jeusi. Rojo hilo halikuoza upesi. Ukitia kidogo katika maji ya moto unapata supu. Aliandika matokeo yake mwaka 1847. Baadaye, binti wa rafiki yake Mwingereza aliugua vibaya akawa hawezi kula. Liebig alimtengenezea mchuzi wa nyama wa namna yake, naye akapona. Habari zikaenea. Watu wakaanza kusema kwamba nguvu yote ya nyama imo katika kijiko cha rojo.

Lakini hesabu yake ilikuwa ngumu. Kwa kilo 1 ya rojo zilihitajika kilo 30 hivi za nyama. Huko Ulaya nani angeweza kununua? Wagonjwa matajiri tu.

Mwaka 1862 mhandisi mmoja Mjerumani, George Giebert, alimjia Liebig. Alikuwa ametoka Marekani ya Kusini. Katika nchi ya Uruguay alikuwa ameona makundi makubwa ya ng'ombe yakichinjwa kwa ajili ya ngozi na mafuta, na nyama ikiachwa kuoza, maana hapakuwa na njia ya kuifikisha mbali bila kuharibika. Basi wakapatana. Kiwanda kikajengwa katika mji wa Fray Bentos, kando ya mto Uruguay, na mwaka 1865 kampuni ikaundwa London. Ilibeba jina la Liebig. Yeye alilipwa, na kazi yake ilikuwa kupima rojo na kuthibitisha kwamba ni zuri.

Rojo la Liebig likasafiri duniani. Lilifika hata kwetu. Stanley alipofanya msafara wake wa mwisho katika Afrika, akichukua mamia ya wapagazi kutoka Unguja mwaka 1887, rojo la kampuni hiyo lilikuwa miongoni mwa vyakula vya Wazungu wa msafara. Vichwa vilivyolibeba vilikuwa vya wapagazi.

Je, kweli kijiko kile kilikuwa na nguvu zote za nyama? Hapana. Wataalamu wengine walilipima rojo. Waliona kwamba protini na mafuta ya nyama, vitu vinavyojenga mwili na kuupa joto, karibu vyote vilibaki katika makapi yaliyotupwa. Kilichoingia koponi kilikuwa ladha, chumvichumvi za nyama, na vitu vichache vingine. Liebig alipinga, kisha pole pole akalegea. Mwishoni alikubali kwamba rojo ni la kuamsha hamu na kukoleza chakula, si badala ya nyama. Lakini matangazo ya biashara yalikuwa yamekwisha kutangulia mbali. Ndugu msomaji, hata leo yuko mama anayemchemshia mgonjwa kidonge cha mchuzi katika maji matupu akiamini kwamba amempa nguvu. Amempa chumvi na ladha. Mgonjwa bado anahitaji maharage, yai, dagaa au maziwa.

Jambo la watoto wachanga lilikuwa zito zaidi. Katika miaka hiyo hiyo Liebig alitengeneza chakula cha watoto wanaokosa maziwa ya mama. Kilikuwa na maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano, unga wa kimea, na chumvi ya potasi. Alikitengeneza kwa ajili ya wajukuu zake, nao walikula wakakua. Kikatangazwa kuwa karibu sawa na maziwa ya mama. Mwaka 1867 daktari mmoja wa Paris aliwapa chakula hicho watoto 4 waliozaliwa punde. Wote 4 walikufa katika siku chache. Ukazuka ugomvi mkubwa. Liebig na watu wake walisema hakikuandaliwa sawasawa. Mimi naona ugomvi wa maandalizi haukuwa na maana sana. Kitoto cha siku moja hakiwezi kusaga unga wa ngano tumboni, hata uandaliwe na profesa mwenyewe.

UGOMVI JUU YA HAMIRA

Tumekuja kwenye hamira yenyewe.

Hamira ni nini? Ni viumbe hai vidogo mno. Kila kimoja ni chembe moja tu, nayo haionekani ila kwa darubini. Katika kijiko kimoja cha hamira mna mabilioni. Ukivipa sukari na uvuguvugu, vinaila ile sukari na kutoa hewa na kileo. Hewa ndiyo inayoumua maandazi. Kileo ndicho kinacholevya katika pombe. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walijua kubakiza chachu ya pombe ya jana ili ianzishe ya leo.

Liebig hakukubali kwamba hamira inafanya kazi kwa sababu ni hai. Aliona kuchachuka ni jambo la kemia tu. Hamira inapovunjika na kuoza, alifikiri, mtikisiko wake huivunja sukari iliyo jirani. Mwaka 1839 yeye na rafiki yake walichapisha hata andiko la dhihaka, wakiwacheka wale waliosema kwamba hamira ni kiumbe. Kisha akaja Mfaransa, Louis Pasteur. Tangu mwaka 1857 Pasteur alionyesha kwa majaribio, moja baada ya jingine, kwamba chembe za hamira huishi, hula na huzaana, na kwamba pombe nzuri au mbaya hutegemea ni viumbe gani vimeingia pipani. Liebig alikuwa sasa mzee, anakaa Munich, lakini hakukubali. Pasteur akataka jambo hilo likatwe kwa jaribio mbele ya mashahidi. Liebig hakuitikia.

Pasteur ndiye aliyekuwa na haki. Lakini mwaka 1897, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa, Mjerumani mwingine, Eduard Buchner, aliisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na chembe hai hata moja. Akayatia sukari. Yakachachuka! Kumbe ndani ya chembe mna vitu vinavyofanya kazi hiyo hata chembe ikiwa imekufa. Hivyo mzee Liebig naye alikuwa ameshika ncha ya ukweli, ingawa alikosea mahali pa kuitafuta.

Katika kuchunguza hamira hivyo, Liebig aliona jambo la jikoni. Hamira iliyobaki katika mapipa ya bia, ambayo wenye viwanda waliihesabu kuwa taka, ikivunjwa na kuchemshwa hutoa maji yenye harufu na ladha ya mchuzi wa nyama. Na maji hayo yakipunguzwa kwa moto huwa rojo kama lile la ng'ombe wa Uruguay. Hakulifanya biashara. Alikufa Munich tarehe 18 Aprili, 1873, akiwa na umri wa miaka 69.

ROJO LA HAMIRA

Biashara ilianza mwaka 1902 katika mji wa Burton upon Trent, Uingereza. Mji huo ulijaa viwanda vya bia, kwa hiyo ulijaa pia hamira ya kutupwa. Kampuni mpya ikaanza kuinunua na kutengeneza rojo lililoitwa Marmite, jina la chungu cha kupikia cha Kifaransa. Waaustralia nao walianza kutengeneza lao, Vegemite, katika miaka ya 1920.

Hufanywa hivi. Hamira hutiwa chumvi na kuwekwa katika uvuguvugu, moto wa kiasi, si wa kuchemka. Chembe zinakufa. Lakini vile vitu vya ndani alivyoviona Buchner, na vingine vya jamii hiyo, vinaendelea na kazi. Vinaisaga chembe yenyewe kutoka ndani. Protini yake inakatikakatika na kuwa vipande vidogo. Kisha huchujwa, maganda ya chembe yakatolewa, na maji yakakaushwa mpaka kuwa rojo au unga.

Miongoni mwa vipande hivyo kimo kimoja kiitwacho glutameti. Mwaka 1908 Mjapani, Kikunae Ikeda, alikipata katika supu ya mwani wa baharini, akaeleza kwamba hicho ndicho kinachotoa ladha ile ambayo si tamu, si chungu, si chachu, wala si ya chumvi. Ni ladha ya mchuzi uliokolea. Kimo katika nyanya iliyoiva, na katika samaki mkavu. Kwa hiyo mama wa Kariakoo anayetia dagaa na nyanya katika mchicha anafuata njia ile ile, bila kidonge.

Lakini katika rojo la hamira kulikuwa na kitu zaidi ya ladha, kitu ambacho Liebig hakukiota. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India. Huko wanawake wajawazito maskini, wengi wao kutoka viwanda vya nguo, walikuwa wanaugua upungufu wa damu. Walipauka, wakakosa pumzi, wakafa. Dawa ya chuma haikuwasaidia wote. Daktari Wills alichunguza chakula chao, akaona ni haba, hasa mboga na matunda. Alijaribu vyakula mbali mbali kwa wanyama. Siku moja alimpa nyani mgonjwa rojo la hamira. Nyani akapona. Akawapa wanawake, nao damu yao ikarudi. Alitangaza jambo hilo mwaka 1931. Baadaye wataalamu walikitambua kitu kile na kukiita foleti. Ni vitamini ya jamii ya B. Jina lake limetoka katika neno la Kilatini la jani, kwa maana mwaka 1941 ilipatikana katika majani ya mchicha wa Kizungu. Imo pia katika maharage, kunde, maini, na mboga zetu za majani. Vidonge wanavyopewa wajawazito katika zahanati siku hizi vina chuma pamoja na foleti hiyo.

Usichanganye mambo lakini. Rojo lililowaponya wale wanawake lilitolewa kwa vijiko, kama dawa. Kidonge kimoja cha mchuzi katika sufuria ya watu 8 kina chembe tu ya rojo. Hakiponyi upungufu wa damu.

JINA LA LIEBIG KATIKA AFRIKA MASHARIKI

Kampuni iliyobeba jina lake haikufa pamoja naye. Ilizidi kukua. Mwaka 1910 ilianza kuuza vidonge vya mchuzi vya mraba vilivyoitwa Oxo. Ilitafuta ng'ombe katika nchi nyingi, na katika miaka ya 1930 ikafika Kenya, ikajenga kiwanda Athi River, jirani na nchi ya Wakamba.

Serikali ya kikoloni ilikuwa inadai kwamba ng'ombe wa Wakamba ni wengi mno na kwamba wanamaliza ardhi. Wakamba walijua kwamba ardhi imekuwa ndogo kwa sababu nyingine imechukuliwa na walowezi. Mwaka 1938 ng'ombe zao walikamatwa kwa nguvu na kuuzwa mnadani kwa bei ya chini. Kiwanda kilikuwa kinangoja. Basi maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumtafuta Gavana. Wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Lakini serikali iliacha kukamata ng'ombe kwa nguvu. Profesa aliyekufa Munich miaka 65 kabla hakuwa na habari ya Wakamba, ila jina lililoandikwa juu ya kiwanda lilikuwa lake.

Hapa kwetu, baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni hiyo ilikuwa mbia wa serikali katika kiwanda cha Tanganyika Packers, Kawe, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam. Ng'ombe walitoka mikoa ya bara, wakachinjwa na kutiwa katika makopo. Mwaka 1968 kampuni ya Liebig iliungana na kampuni ya chai ya Brooke Bond, na mwaka 1984 zote zikanunuliwa na kampuni ya Unilever. Kiwanda cha Kawe kilifungwa zamani. Watu wa Dar es Salaam bado wanasema viwanja vya Tanganyika Packers, wanapokwenda huko kwenye mikutano mikubwa.

Sasa rudi katika duka la Kariakoo, au hilo la kijijini kwako, uchukue pakiti ya vidonge. Geuza nyuma. Utaona maandishi madogo madogo yanayotaja vitu vilivyomo. Vinaandikwa kwa utaratibu maalumu. Kitu kilicho kingi kuliko vyote huandikwa kwanza, kinachofuata kwa wingi huandikwa cha pili, na kadhalika mpaka mwisho. Tafuta neno hamira. Ukilikuta, litakuwa chini. La kwanza, katika pakiti nyingi, ni chumvi, kwa hiyo ukishatia kidonge katika mchuzi, onja kabla ya kuongeza chumvi nyingine, hasa kama nyumbani mna mtu mwenye shinikizo la damu.